Futi Iliyompima Mwadime

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa wodi ya wagonjwa mahututi, ndani ya gauni la hospitali linalofungwa mgongoni, mikono ikinukia dawa ya kuoshea. Nyuma ya pazia la kitanda cha mdogo wangu ukatoka mlio unaojulikana na kila mtu aliyewahi kupita penye karakana ya seremala: futi ikivutwa taratibu, kimya kidogo, kisha ikaachiliwa ikarudi ndani ya kasha lake, chwap. Mashine ya kupumulia iliendelea na pumzi zake za kuhesabika, kama mtu apandaye mlima bila haraka. Mimi sikuisikia tena. Niliisikia futi tu.

Ili unielewe, lazima nikurudishe nyuma kidogo, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili kwetu Kasigau. Baba alifariki wakati wa mvua. Barabara ilikuwa mbaya kuliko sasa, na ya sasa unaijua. Hakuna aliyewaza kuleta jeneza kutoka Voi. Seremala alikuja na msumeno begani, akakata uzi wa mkonge, akanipa ncha moja niishike penye kisigino cha baba. "Shika hapo, usitingishike," akaniambia. Akauvuta hadi utosini, akafunga fundo. Akapima mabega, akafunga fundo la pili.

Kesho yake asubuhi uzi ule ulikuwa bado uani. Nami, kwa ujinga wa utoto, nikauokota nikafungia mzigo wa kuni za kupikia waombolezaji. Bibi yangu aliniona nikiteremka mlimani. Alinitua mzigo kichwani, akaufungua uzi, akauviringa kiganjani mpaka mafundo yote mawili yakapotea. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, kitu kilichompima mtu aliyelala hakipimi kingine. Kinakwenda naye." Uzi ukazikwa na baba. Bibi hakunipiga. Ningepigwa, labda ningesahau.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa nirudi wodini.

Mdogo wangu Mwadime alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi ya tangi la maji nyumbani kwake Marungu, akapiga kichwa. Walimpasua, wakamweka kwenye mashine imsaidie kupumua. Ujanani tulimwita Sindano, kwa wembamba. Alipopata kazi ya mshahara akaota kitambi, nasi tukakipigia makofi, maana kwetu tumbo la mwanamume ni barua ya kuwaambia watu kwamba mke wake anapika na mwajiri wake analipa. Yeye mwenyewe alikipapasa akicheka, "Hii ni nyumba ya ghorofa, dada, na bado tunajenga."

Nilivuta pazia. Msichana mwembamba mwenye miwani alikuwa ameinama juu ya mdogo wangu, futi mkononi, kalamu mdomoni. Shuka lilikuwa limeshushwa. Tumbo la Mwadime lilikuwa wazi, kubwa, likipanda na kushuka kwa amri ya mashine.

"Fundi," nikamwambia, "nani amekuita? Mbao umekwisha kununua?"

Akatoa kalamu mdomoni. "Mama, mimi si fundi. Naitwa Mutheu. Niko na kikundi cha utafiti."

"Utafiti wa nini unaopimwa kwa futi?"

Alinieleza, na leo nakiri kwamba alieleza vizuri. Walikuwa wakifuatilia wagonjwa walio kwenye mashine. Walipima kiuno, sukari, presha na mafuta ya damu, halafu wakaangalia ni nani atakayepata nimonia na ni nani atakayenusurika. Walitaka kujua kama mwili uliolemewa na mafuta na sukari hushindwa kuyalinda mapafu.

"Ndugu yangu ana nimonia?"

"Hapana, mama. Tunaangalia kama ataipata."

"Kwa hiyo mnangoja aipate."

"Hatungoji, mama. Tunaangalia."

"Mwewe pia huangalia," nikasema.

Muuguzi wa zamu akageuka kututazama. Msichana alimfunika Mwadime shuka, polepole, mpaka kifuani, akaliweka sawa. Hata hilo nililitilia shaka. Niliona anaficha kitu.

Nikamuuliza ni nani aliyempa ruhusa. Akasema mke wa mgonjwa alitia sahihi. Nilitoka nikamkuta wifi yangu Mghoi kwenye benchi la nje, kitambaa cha kichwa kimelegea, chupa ya chai mapajani. Nikamuuliza. Akakubali. Akaongeza jambo ambalo sikulijua: Mwadime alikuwa na sukari, na presha, mwaka wa tatu sasa. Vidonge alivificha nyuma ya redio. Alimkataza mkewe asiseme, hasa kwangu.

"Kwa nini hasa kwangu?"

"Wifi," akasema bila kuniangalia, "wewe ukiambiwa kitu unatafuta mwizi."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini siku ile sikuufikiria ugonjwa. Nilifikiria kwamba wageni wameijua siri ya nyumba yetu kabla yangu, na wivu, mwanangu, ukivaa nguo za tahadhari, hata mwenyewe humtambui. Niliwashuku wote. Nilimshuku Mutheu kwa sababu jina lake si la kwetu milimani, kana kwamba nimonia huuliza mtu ametoka wapi. Nilimshuku daktari kwa kuwa alipita haraka. Niliishuku ile karatasi ya ruhusa aliyoitia sahihi wifi kwa sababu ilikuwa na kurasa nyingi, na nafikiri kama ingekuwa na ukurasa mmoja ningeishuku kwa ufupi wake.

Nikamsimamia wifi mpaka akasema anamtoa mume wake. Alilia wakati wa kutia sahihi ya pili. Mutheu alisema, "Ni haki yenu, mama. Matibabu yake hayatapungua hata kidogo. Na mnataka tuyafute tuliyoandika?"

"Futa. Yote."

"Tutafuta."

"Na hiyo futi nipe."

Hapo alishtuka. "Futi ni ya kazi, mama."

"Imempima mtu aliyelala. Haitapima mwingine."

Alinitazama, akiwa ameishika kama mtoto aliyeshika yai. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akaniwekea kiganjani bila kubishana, nikaitia mkobani, nikatoka kifua mbele, mshindi wa vita ambavyo hakuna aliyevianzisha ila mimi.

Siku ya tisa Mwadime alipata homa. Makohozi yaliyokuwa yakivutwa kwenye mpira wa kooni yakabadilika rangi. Nimonia. Walimpa dawa, wakabadilisha dawa, wakamwinua kichwa, wakamgeuza. Siku ya kumi na tatu, mashine ikazimwa.

Nilikwenda mtaa wa Kaloleni, pale Voi, kwa fundi wa majeneza pamoja na mwanawe mkubwa wa Mwadime. Yaliyokuwa tayari yote yalikuwa membamba. Fundi akafuta mikono kwenye aproni akauliza, "Mzee alikuwa na mwili?"

"Alikuwa na kitambi."

"Kitambi cha kiasi gani? Mama, mimi sitengenezi kitambi, natengeneza sanduku. Nipe namba."

Namba. Ningeweza kwenda kumpima mwenyewe, lakini sikutaka kushika ncha ya kipimo mara ya pili. Nilikisikia kisigino cha baba vidoleni kama jana. Nikakumbuka kuna mtu aliyeiandika ile namba mbele ya macho yangu. Nikarudi hospitalini.

Mutheu alikuwa kwenye kijichumba kando ya stoo, karatasi zimemzunguka. Alisimama aliponiona. "Pole sana, mama. Nilisikia."

"Nataka namba ya kiuno cha ndugu yangu."

"Sina, mama."

"Si uliiandika?"

"Niliiandika. Ukasema tufute. Tulifuta siku ile ile."

"Hata kwenye kompyuta?"

"Hata kwenye kompyuta."

Nilimkodolea macho nikitafuta uongo. Nimeishi miaka mingi nikiwatafutia watu uongo, najua unapokaa: pembeni mwa mdomo. Sikuuona. Na pale, kati ya zile karatasi, nikaelewa jambo lililonivua nguo. Mwizi hafuti. Mtu aliyekuja kuiba mwili wa ndugu yangu angeahidi kufuta akaweka nakala. Huyu alifuta, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nikiomba kile nilichokiangamiza.

Nikaketi. Nikamuuliza swali lililokuwa likinichoma tangu siku ya tisa. "Niambie basi. Kwa nini aliipata nimonia? Ni tumbo? Ni sukari aliyoificha? Ni huo mpira wa kooni?"

"Mama, ningejua ningekuambia. Kuna wenye mwili na sukari wanaonusurika. Kuna wembamba wanaoipata. Ndiyo tunatafuta."

"Na ningemwacha kwenye utafiti wenu, angepona?"

"Sisi hatukuwa tunampa dawa yoyote, mama. Tulikuwa tunaangalia na kuandika. Usijibebeshe hilo."

Alinitua mzigo huo, nami nikamshukuru. Lakini akaniachia mwingine bila kujua. Swali lililonikosesha usingizi ndilo lililokuwa limeandikwa juu ya ile karatasi ya kurasa nyingi. Kulikuwa na watu wakilitafutia jibu, mdogo wangu alikuwa mmoja wa wale ambao jibu lingetoka kwao, nami nikamtoa, kisha nikarudi kudai jibu.

Nilikwenda mochari. Nikaitoa futi mkobani, nikampa kijana wa Mwadime ncha moja, nikamwambia, "Shika hapo, usitingishike." Nikampima mdogo wangu mwenyewe. Namba nikampelekea fundi, na futi ikawekwa ndani ya jeneza, karibu na mkono. Bibi angeridhika.

Wiki mbili baada ya mazishi mlango wangu ulibishwa. Alikuwa Mutheu, siku yake ya mapumziko, mkate kwenye mfuko. Unadhani nilibadilika? Jambo la kwanza nililowaza ni, katumwa na nani? Nilimkaribisha huku nikiuchunguza mkoba wake. Alikunywa chai, akauliza jina la mlima unaoonekana dirishani, akala kipande cha mkate aliouleta mwenyewe kwa sababu nilimlazimisha aanze yeye.

"Mnampima nani siku hizi?" nikamuuliza.

"Siruhusiwi kusema, mama."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe," akasema, na tukacheka mpaka chai ikamwagika.

"Basi nipime mimi. Nina kiuno cha kutosha."

"Hauko kwenye mashine, mama. Lakini sukari kapime kliniki. Na presha." Akainuka, akatafuta mkoba wake.

Mwanangu, shaka ni mbwa mzuri wa kulinda boma, nami sikuambii umfukuze wako. Wako watu wanaokuja kwetu na karatasi kwa nia mbaya, na asiyeuliza hupelekwa kama mbuzi sokoni. Ila mbwa kazi yake ni kubweka ili mwenye nyumba aamke, atoke, aangalie ni nani aliyekuja. Mimi nilimwachia aume, kisha nikatoka. Uliza: mnatafuta nini, mtaandika nini, nikikataa itakuwaje. Usikilize jibu mpaka mwisho wake, hata kama limetamkwa kwa lafudhi isiyo ya kwenu. Ukishasikiliza, kukataa ni haki yako na kukubali ni haki yako. Na ikiwa wewe ndiye utakayeshika futi siku moja, anza na mdomo kabla ya mkono. Waite wenye mgonjwa, waketi, wajue, kwa maana hujui ni uzi gani uliwahi kumpima mtu nyumbani kwao. Tena usiyafiche maradhi yako nyuma ya redio. Wakupendao watayajua tu, na watayajua wakiwa wamechelewa.

Haya nilimwambia Mutheu pale mlangoni, si yote, kwa kuwa mengine sikuwa nimeyafikia bado. Nilimshika mkono, nikamwombea, na dua ile naigawa na wewe: Mungu akupe macho ya kuangalia bila kumtakia mtu mabaya, akupe ulimi wa kweli unaosema sijui panapokuwa hakuna anayejua, na pumzi yako iwe yako mwenyewe mpaka uzeeni. Akasema amina, akashuka ngazi.

Nikaufunga mlango nyuma yake. Ufunguo, kwa mazoea, niliugeuza. Lakini niliugeuza polepole, asije akausikia.