Msamaha Uliohitaji Maegesho

Ijumaa nilikwenda kumchukua mjukuu wangu katika shule moja ya msingi ya Kikatoliki hapa Mbale, nikakuta mzozo langoni. Msichana wa darasa la tano alikuwa amechukua simu ya mama yake, akarekodi gari la mzazi mmoja lililosimama juu ya kivuko cha zebra mbele ya lango, kisha akaituma video kwenye kundi la wazazi mtandaoni na maneno: "Mzee ameziba njia tena."

Mzee mwenyewe alikuwa akigonga boneti ya gari lake, likiwa bado juu ya kivuko. "Sista, afukuzwe shule! Hana adabu!"

"Kumfukuza hapana," akasema mwalimu mkuu, sista mmoja mpole. "Lakini kumtangaza mtu mzima ni kosa. Binti, futa, halafu piga magoti uombe msamaha."

Huku kwetu binti haombi msamaha akiwa wima. Akaanza kukunja magoti palepale, bodaboda zikimpita ubavuni.

"Si hapo, mwanangu, utagongwa!" sista akamzuia, kisha akamgeukia mzee. "Baba, hebu peleka gari mbali kidogo, akuombe vizuri."

Afande wa trafiki, aliyepuliza filimbi langoni muhula mzima bila kusogeza hata baiskeli, akabaki mdomo wazi. Gari likaondoka. Anayedai heshima naye hana budi kutafuta pa kuegesha.

Mzee akarudi kwa miguu, akakwama ng'ambo ya barabara. Boda ikamkosa chupuchupu.

"Hawa hawaoni watu?" akafoka.

Mtoto wa nasari aliyekuwa kando yake akingoja kuvuka akamnyooshea mkono, kama walivyofundishwa shuleni. "Mzee, tushikane."

Wakavuka. Msamaha aliupokea akiwa bado ameshikwa mkono.