Ngome ya Vipande Thelathini na Kimoja

Fundi Gaudensi wa Kizwite alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kumkabidhi mtu nyumba ambayo haijaisha. Mafundi wenzake unawajua. Huku wamechimba msingi, kule wameishia kwenye linta, na simu hawapokei. Yeye hapana. Hata ukimwambia, "Acha hapo fundi, nitamalizia mwenyewe," kesho yake unamkuta juu ya ngazi anamalizia, na ukimbishia anakununia wiki nzima.

Juu huko huko ndiko alikoponzeka. Mwaka juzi aliteleza kwenye paa la mtu huko Izia, nyonga ikavunjika, na daktari hakupindisha maneno: mzee, mapaa basi. Mwaka mzima akashinda barazani akizozana na kuku.

Kazi ya kukaa ikamfikia kupitia Precious, binti mwenye duka la vitu vya michezo Mbeya. Wateja wake ni watu wazima, tena wenye akili zao, wanaocheza vita mezani. Usicheke, wapo. Wanapanga askari wa plastiki wenye urefu wa pingili mbili za kidole, wanarusha dadu, wanagombania majengo ya zamani. Precious alitaka ngome kumi za mfano wa ile ya Wajerumani ya Kasanga, kule ziwani, zikatwe vipande vya plaiwudi nyembamba, kila moja iwe ndani ya boksi lake na karatasi ya maelekezo. Mnunuzi atajijengea mwenyewe.

Gaudensi akashuka Kasanga na fimbo yake, akapima magofu kwa kamba, akarudi akakata. Kila ngome vipande thelathini na kimoja: kuta, minara, ngazi, vyote vina ndimi na matundu ya kushikana. Alipojaribu kuvipachika vikakaa sawasawa, moyo ukamshinda. Akazigandisha zote kumi kwa gundi, akazipaka chokaa, akatia hata makomeo ya njiti milangoni. Akazipandisha basi la Mbeya, roho kwatu.

Precious akapiga simu siku ile ile. "Shikamoo fundi. Mbona umenijengea?"

"Marahaba mwanangu. Sasa ulitaka nikuletee nyumba haijaisha?"

"Ndiyo, fundi! Wateja wangu hawanunui nyumba, wananunua kujenga. Hizi nazirudisha. Ijumaa nipate za vipande. Zikija zimejengwa tena, utanisamehe, nitatafuta mtu mwingine huku huku."

Hapo Gaudensi akaogopa, nisikufiche. Chakula kilikuwepo, shamba la mahindi lipo. Alichoogopa ni lile baraza, kurudi kuwa mtu wa kuulizwa "umeshakula?" na basi.

Kufika Jumatano vipande vya ngome zote kumi vilikuwa tayari. Lakini kufunga maboksi, wapi! Analifunga, analifungua. "Atakosea huyu," ananung'unika. "Ukuta utalala. Watu watasema Gaudensi ndiye kajenga."

Mkewe Zita alikuwa pembeni anapeta ulezi. Akaweka ungo chini. "Nipe moja, Baba Sharon. Mimi nikiweza, yeyote ataweza."

"Wewe? Hata msumari hujawahi kupiga!"

"Nani alinipa nyundo?"

Akanawa mikono, akavaa miwani, akatandaza vipande mezani. Gaudensi akaketi mbele yake, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Zita alipachika mnara wa kwanza kichwa chini. Gaudensi akanyoosha mkono, akachapwa kofi la vidole. "Kaa!" Zita akasoma karatasi upya, akaugeuza mnara mwenyewe. Gundi ikachuruzika. Ukuta wa upande wa ziwani ukaanza kuinama, na Gaudensi akatoka nje, akazunguka nyumba mara mbili, akarudi. Mpaka saa ya kusonga ugali ikapita, na siku hiyo ugali hakusonga mtu.

Kipande cha mwisho kilikuwa mlango. Zita akaupachika, akaufungua kwa ncha ya ukucha, akaufunga, akaufungua tena. Akavua miwani. Akaiangalia ngome yake, uso umemng'aa kwa namna ambayo Gaudensi hakuwa ameiona tangu Sharon azaliwe.

"Umejitahidi," akasema Gaudensi, na patasi tayari iko mkononi. "Hebu lete nikunyooshee huo ukuta. Dakika moja tu."

Zita akaizungushia ngome mikono yote miwili.

"Usiiguse. Miaka ishirini na sita nakaa kwenye nyumba yako, Baba Sharon. Hata dirisha la jikoni likae wapi sikuulizwa. Hii nimejenga mimi."

Maneno yalimchoma Gaudensi kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu miaka yote hiyo alidhani alikuwa anamtendea mema. Akaiweka patasi chini. Baadaye akayafunga maboksi yaliyobaki, moja baada ya moja, bila kufungua hata moja.

Ijumaa Precious akapiga tena. "Yamefika fundi, safi kabisa. Ila nahesabu tisa. La kumi liko wapi?"

Gaudensi akatazama mezani, kwenye ule ukuta uliopinda.

"La kumi lina mwenyewe," akasema.