Antena Iliyolala kwa Chefu

Sidonie, mkunga wa kijiji cha Wamaza, hajui kunong'ona. Akimkemea mume aliyechelewa kumleta mkewe, hata wanaopukuchua mahindi ng'ambo ya kijito husikia na kucheka. Siku ya Chadia hakuna aliyecheka.

Chadia alikuwa amejifungua salama, lakini kondo la nyuma liligoma kutoka, na damu ikawa inamwagika. Alichomwa sindano, wapi! Hospitali iko Kasongo, na kwa pikipiki katika matope yale angefika maiti. Alihitajika daktari wa kumwongoza Sidonie, maana kulitoa kondo kwa mkono hakuwahi kufanya. Na Wamaza simu haishiki.

Kumbe msaada ulikuwepo kijijini! Wafadhili walileta antena ya satelaiti, kisahani kinachopokea intaneti kutoka angani, wakasema wazi kuwa ni ya wodi ya wazazi. Lakini kwa desturi, zawadi ya wageni hulala kwanza kwa chefu, mkuu wa kijiji, usiku mmoja tu, kwa heshima. Hii ililala ikanogewa. Mvua zilikuja zikaisha, zikarudi tena, antena bado iko uani kwa chefu Asani, vijana wanatazamia mpira. Aibu gani hii! Kila Sidonie alipoiomba, aliambiwa awe na adabu.

Basi alimwachia msaidizi wake, Marie-Louise, amwangalie Chadia, akatoka mbio na aproni yenye damu. Uani kwa chefu mechi ilikuwa imepamba moto.

“Chefu, Chadia iko anakufa. Nipatie antena.”

“Ngoja kwanza, mama, mupira iko karibu kuisha. Na kitu ya wageni haitoke hivi hivi bila wazee.”

“Wazee ndiyo wanazaa?”

Akachomoa waya. Vijana wakapiga kelele, akawakazia macho, wakampisha.

Aliitega antena nje ya wodi penye anga wazi, akaiunganisha na betri ya friji ya chanjo. Punde uso wa daktari wa Kasongo ukatokea kwenye simu. Marie-Louise akaishika, daktari akaongoza mkono wa Sidonie hatua kwa hatua mpaka kondo likatoka. Damu ikapungua, ikakoma. Chadia akaomba maji.

“Umefanya muzuri, mama,” daktari alisema. “Lakini mbona hamukupiga zamani? Tuko tunangojea simu ya Wamaza tangu antena ilifika.”

Sidonie aliinama akafuta damu kitandani. Mwezi uliopita, kwenye kitanda kilekile, kondo lilimuua Régina, mdogo wake wa tumbo moja.

Nje wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Chefu Asani akaingia, kifua mbele.

“Munaona? Antena yangu imeokoa mutu! Kesho irudi kwangu, tuifanyie sherehe.”

“Kwa kilio ya Régina ulituletea mbuzi,” Sidonie alimwambia usoni. “Ukakaa na sisi, ukalia. Na antena ilikuwa kwako, inaonyesha mupira.”

Vigelegele vilikatika. Chefu aliangalia mlangoni, akawaona wanawake wamesimama wanamtazama, na hakuna aliyesogea kumpisha.