Meneja na Viatu vya Mwenye Nyumba

Wifi yangu ni kinyozi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa kama ni msusi. Si msusi. Ananyoa wanaume: vichwa, ndevu, masharubu, hata zile nywele za masikioni ambazo wake zao wanaona aibu kuzitaja. Kaka yangu alimuoa akilijua hilo, na mpaka leo kidevu chake ndicho kinachong'aa kuliko vyote mtaani.

Saluni yake imepakana na duka langu la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Ukuta kati yetu ni wa mbao, kwa hiyo nasikia kila kitu: mashine ikinguruma, redio, wateja wakidanganyana kuhusu mpira. Mtu akija kwangu kupiga picha na kichwa kimevurugika, namtuma kwake kwanza. Yeye naye akimaliza kumpendezesha mtu humnong'oneza, "Si ungepiga na picha kabisa?" Ndivyo tunavyoishi, na hatujambo.

Kazi aliirithi kwa baba yake. Mzee alikuwa na wana wa kiume, lakini wote waliona nywele za watu ni uchafu. Binti ndiye aliyesimama pembeni na taulo tangu akiwa mdogo, akitazama wembe unavyopita. Mzee alipofariki na msiba ukaisha, wifi alifungua mlango, akavaa koti jeupe, akasubiri wateja. Wanaume walichungulia. Wakiona aliyesimama nyuma ya kiti ni mwanamke, waligeuka ghafla, eti wamesahau kitu nyumbani. Mtaa mzima ulisahau vitu nyumbani siku ile.

Alasiri mvua ikaanza, na ndipo akaingia paka. Wa kijivu, mwenye mistari, mwembamba, ameloa chapachapa. Huyu hakuchungulia. Aliruka moja kwa moja juu ya kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo, akakaa. Wifi alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mbao na sikuweza kutofautisha. Alimkausha kwa taulo la baba yake. Kesho yake mlinzi wa benki, aliyekuwa amechelewa kazini na hana muda wa kuchagua kinyozi, alimkuta paka kitini, akamsogeza, akakaa yeye. Alitoka na mstari wa paji la uso ulionyooka kama rula, akaupitisha kila duka wauone. Wakaja wengine. Paka akaitwa Meneja, kwa sababu anakaa mlangoni, hafanyi kazi yoyote, na anakutazama kama vile umechelewa.

Lakini Meneja alikuwa anatapika.

Sisemi mara moja moja, maana paka yeyote anaweza. Huyu ilikuwa ndiyo desturi yake. Kwanza anainama, shingo inanyooka, mbavu zinapanda na kushuka, halafu inatoka ile sauti ya pampu inayovuta maji kisimani na maji hakuna. Sakafu tupu anaipita. Anatafuta kitu cha maana: mfuko wa mteja, gazeti ambalo halijasomwa, taulo lililotoka kufuliwa. Siku moja alipenya kwenye tundu la ukuta, akaja dukani kwangu, akarudisha chakula chake chote juu ya rimu ya karatasi niliyokuwa ndiyo kwanza nimeifungua. Nilipiga yowe hadi mteja wangu akatoka kwenye picha kafumba macho. Nikaapa mbele ya watu kwamba mimi na yule paka, mmoja wetu atahama.

Saluni haikosi madaktari. Fundi viatu alisema ni miba ya samaki. Dereva wa lori alisema ni maziwa, hata yeye maziwa humkataa tumboni. Mwalimu mstaafu alisema paka anakula kwa pupa. Kaka yangu, ambaye hakuulizwa, alisema ni madeko. Wifi hakumdharau yeyote. Alitoa miba, akaondoa maziwa, akachemsha kuku akamchambua nyuzinyuzi. Meneja alikula vyote kwa shukrani, na vyote tukaviona tena.

Mambo yaliharibika siku aliyokuja mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mzee nadhifu ambaye viatu vyake vinang'aa kiasi kwamba unaweza kujinyoa kwa kuvitazama. Alikuja na habari njema: mwanawe anaoa Jumamosi, na kijana amesema hanyolewi na mtu mwingine ila wifi, yeye na wenzake wote. Wifi alifurahi, akawa anamkaribisha mzee kwenye benchi, na hapo hapo pampu ikaanza. Nilikuwa mlangoni, niliona kila kitu. Meneja alivipita viatu vya mtu mmoja, akavipita vya mtu wa pili, akavifikia vya mwenye nyumba.

"Mama," mzee alisema kwa sauti ya chini, na mzee huyo akishusha sauti ujue pabaya. "Huyu mnyama aondoke."

"Nisamehe, mzee wangu. Ni mgonjwa tu, namtafutia dawa."

"Binamu yangu ana ghala la mahindi, nje kabisa ya mji. Panya wamemshinda. Huyu ataenda huko."

"Nipe mpaka Jumamosi," wifi alisema. "Wanaume wako wote watakaa humu ndani. Akichafua hata kitambaa kimoja, nitambeba mimi mwenyewe mpaka ghalani."

Mzee alifikiri, akiwa amesimama na soksi maana viatu vilikuwa tayari mikononi mwa wifi vikisuguliwa. "Mpaka Jumamosi," akasema. "Na ujue sitamtazama bwana harusi siku hiyo. Nitamtazama paka."

Alipoondoka, wifi alikuja kwangu macho mekundu, akakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha. "Wifi, siku ile watu wote walichungulia wakageuka. Ni yeye peke yake aliyeingia akakaa. Leo tumbo limemshinda, ndiyo nimtupe ghalani?"

Nilikuwa nangojea neno hilo la ghalani kwa muda mrefu. Nilipaswa kupiga vigelegele. Badala yake nikajisikia nasema, "Basi tumtibu." Nilishangaa mwenyewe. Hilo "tu" lilitoka wapi?

Wiki hiyo nilikuwa nimepaka nywele zangu rangi ya shaba. Nilipendeza, sitajidai sikupendeza. Hakuna mwingine mwenye rangi ile mtaa mzima, na nilihakikisha nimepita kila kona ili jambo hilo lijulikane. Kwa kuwa ncha zilikuwa zimekauka, wifi alinikata zikawa fupi, na nikarudi dukani shingo juu. Kesho yake asubuhi, nikiwa natoa kopi, nikasikia pampu ng'ambo ya mbao. Kisha sauti ya wifi.

"Wifi, njoo uone."

"Sitaki kuona. Nimeshaona vya kutosha."

"Njoo uone nywele zako."

Nilienda. Alikuwa amechutama na kitambaa mkononi, hajafuta. Katikati ya chakula palikuwa na kifundo kirefu chenye unene wa kidole, na ndani yake, zimechanganyika na manyoya ya kijivu, zinang'aa nywele za rangi ya shaba. Zangu! Wifi alikichambua kwa kijiti, ametulia kabisa. "Hizi ngumu ni za mlinzi wa benki. Hizi nyeupe za mwalimu."

"Yaani paka wako ananila?" niliuliza.

Wifi aliweka kijiti chini. Alisimama, akavuta pazia la nyuma, tukatazama wote wawili kitu ambacho tulikuwa tunakiona kila siku. Baba yake hakuwa na tabia ya kutupa nywele katikati ya kazi. Mlango wa nyuma ukifunguliwa, upepo unazipeperusha na wateja wote kwenye benchi wanapiga chafya. Kwa hiyo kila kichwa kikimalizika, nywele zilifagiwa zikaingia kwenye boksi nyuma ya pazia, na boksi likamwagwa wakati wa kufunga, siku lilipojaa. Binti naye akafuata hivyo hivyo. Na ndani ya boksi, juu ya nywele za wanaume wote wa mtaa pamoja na zangu, Meneja alikuwa ameshajikunja, analala baada ya kutapika.

Tulizoea kumcheka pale. Tulisema ana godoro ambalo hata mabosi wa kweli hawana. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba akiamka ameenea nywele mwili mzima, na yeye ni paka msafi, atajilamba mpaka atakate. Sisi tukamlaumu samaki! Wifi alishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kucheka, na mimi nikamfuata mpaka mbavu zikauma.

Hakuishia kucheka. Alimtia Meneja kikapuni, akampeleka kwa daktari wa mifugo, na kile kifundo akakifunga kwenye karatasi yangu ya kopi kiwe ushahidi. Daktari alimbonyeza Meneja tumbo, akamtazama mdomoni, akampima uzito. Kisha akafungua karatasi. "Paka mwenye nywele zake tumboni namwona kila siku," alisema. "Mwenye nywele za mtaa ndiyo mara yangu ya kwanza." Alimpa dawa laini ya kulamba ili zilizobaki zipite. Akasema apigwe brashi kila siku, chakula apewe kidogo kidogo, si chote kwa mpigo. Na akamsifu wifi kwa kumleta, kwa sababu kutapika kwa mara kwa mara si jambo la kuzoea; akiendelea, arudishwe haraka.

Boksi likaondoka, ikaja ndoo yenye kifuniko. Meneja aliitazama kama mtu aliyekuta ofisi imebadilishwa kufuli. Alikikwaruza kifuniko, akalalamika, mwisho akakaa juu yake. Kila mteja akiinuka, wifi alichukua brashi laini ya pili, aliyomwekea Meneja peke yake, na kumpangusa kuanzia shingoni mpaka mkiani, na wateja waliokuwa kwenye foleni wakanung'unika kwamba amewaruka. Mimi nilimletea boksi tupu la karatasi na taulo safi ndani. Kaka yangu alinitazama akafungua mdomo. Nikamwambia aufunge.

Pampu ikanyamaza. Nilijikuta nimetega sikio kwenye mbao, roho juu, nikingoja. Nikasikia redio. Nikasikia mashine. Sikusikia kingine.

Jumamosi ikafika. Saluni ilijaa wanaume wenye mashati mapya, wanapigiana kelele. Mwenye nyumba alisimama mlangoni na viatu vipya kabisa, vyeusi, na kama alivyoahidi, hakumtazama bwana harusi. Alimtazama Meneja. Meneja alikuwa ndani ya boksi lake, anamtazama yeye. Ingefaa mtu amtazame bwana harusi, kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolewa, rangi imemtoka na jasho linamtiririka. Wifi ndiye aliyeligundua. Alimaliza kidevu, akaweka wembe mbali, akamuuliza kama yuko sawa.

Nilikuwa dukani napanga karatasi. Nikaisikia. Ile sauti yenyewe, ile ya pampu kavu, mara moja, mara mbili, halafu kishindo cha watu kurudi nyuma. Nilikamata kitambaa nikakimbia, na njiani nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumtetea, mimi, niliyeapa mbele ya watu. Nilitaka kumwambia mzee kwamba ni mara moja tu, kwamba amekuwa akijitahidi, kwamba hakuna mtu asiyeteleza.

Meneja alikuwa amekaa ndani ya boksi lake, mkia umezunguka miguu, safi hana doa. Mbele yake bwana harusi alikuwa ameinama, ameshikilia bega la baba yake. Tangu asubuhi alikuwa amepitishwa nyumba ya kila shangazi, na kila shangazi alikuwa amempakulia, na hakuwa na ujasiri wa kumkatalia hata mmoja. Vyote vilikuwa vimerudi. Vilikuwa juu ya viatu vya mwenye nyumba.

Wanaume wazima wenye mashati mapya walitazama ukuta. Na mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kunisubiri, nikasema, "Mzee wetu, na huyu naye tumpeleke ghalani?"

Mzee alitazama viatu. Akamtazama mwanawe. Akamtazama Meneja kwa muda mrefu zaidi. Masharubu yakaanza kumtetemeka, nikajua nimekwisha, kumbe kicheko ndicho kinatafuta njia. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye benchi, na saluni nzima ikalipuka, na kule barabarani watu wakasimama kuuliza kuna nini.

Wifi hakucheka kwanza. Alimwosha kijana uso, akampa maji, akamrekebishia kidevu mpaka kikang'aa. "Mwanangu, huko sherehe watakupakulia tena," alimwambia. "Kula kidogo kidogo, si vyote kwa mpigo. Ndivyo daktari alivyotuambia." Hapo ndipo na yeye aliposhindwa kujizuia, akacheka, na sijawahi kumwona mzuri kama alivyokuwa dakika ile.

Wenzake wakamtoa bwana harusi kwa nyimbo. Mwenye nyumba akabaki, amesimama na soksi kwa mara nyingine, viatu vikiwa mikononi mwangu safari hii. Akatembea mpaka kwenye kiti, akakaa mwenyewe. "Na mimi ninyoe," akasema. Alikuwa hajawahi kunyolewa na wifi hata siku moja. Miaka yote alikuwa akichukua kodi na kwenda kunyolewa mtaa wa pili. Kabla kitambaa hakijamfika shingoni, Meneja alikuwa ameshamrukia mapajani. Mzee aliinua mikono juu. Kisha, taratibu, akaishusha, mmoja ukatua juu ya mgongo wenye mistari.

Wifi alimnyoa kwa utulivu kabisa. Alipomaliza alimpangusa shingo kwa brashi, halafu akachukua ile ya pili na kuanza kumpangusa Meneja pale pale alipolala.

"Mama," mzee alisema, macho ameyafumba. "Na hapa mgongoni mwake, usiparuke."