Pome Katika Chungu cha Shaba

Ipo siku moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naiangalia kwanza sufuria iliyo jikoni. Nakuita mwanangu kwa sababu mtoto wa dada yangu ni wangu, hata kama mimi, mama yako mdogo, nimekuzidi miaka saba tu. Uliniomba nikueleze namna ya kutengeneza pome za moto, yaani kinywaji cha matufaha, kwa siku za baridi. Nitakueleza, lakini kwa njia yangu ndefu; unanijua.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na diploma yangu ya kemia, sina kazi, nakaa kwa Kaku, bibi yetu, kule mtaa wa Kapata. Asubuhi hiyo baridi iliingia chini ya mlango. Tata Mbuyi, mzee jirani aliyestaafu kiwanda cha shaba, alikuwa anakuja kutusalimia kwa mara ya kwanza tangu alipougua tumbo. Nilitaka kumheshimu. Nikakata pome sita, nikatia mdalasini, karafuu, tangawizi na maji ya limau. Sufuria ilikuwa na maharagwe. Basi nikashusha kabatini chungu cha shaba, ambacho Tata Mbuyi mwenyewe alikifua kwa nyundo na kumpa Kaku aweke maua. Niliona atafurahi kukikuta kinatumika.

Zilichemka karibu saa nzima, nyumba ikanukia vizuri. Tata Mbuyi alifika, na nilipokwisha kumpa kikombe ndipo nikatazama ndani ya chungu. Mahali maji yalipofika, shaba iling'aa kama mpya. Juu yake ilibaki nyeusi ileile. Nikaonja kwa kijiko. Ladha ya msumari.

Mwanangu, nilijua. Mji wetu mzima unaishi kwa jambo hilo: kiwandani asidi ndiyo inayoitoa shaba kwenye mawe, nami nililifanyia mtihani. Pome na limau zina asidi. Lakini Tata Mbuyi alikuwa anakisifu chungu chake, nami nikaanza kutafuta maneno. Nikisema chungu chako kimetia sumu, nitamtukana mzee. Nikisema nimekosea, Kaku atauliza diploma ni ya nini. Labda shaba iliyoingia ni kidogo. Labda ni kijiko. Akapuliza mvuke. Akanywa. Nilikuwa bado napanga sentensi. Akanywa tena.

"Tata, wacha," nilisema hatimaye. Kikombe kilikuwa nusu.

Robo saa haikuisha akaanza kutapika. Alipelekwa zahanati kwa pikipiki, Kaku na mimi tukafuata kwa nyingine, tukakaa kwenye benchi mpaka mchana bila kujua kama tumbo lile lililokwisha kuchoka lingestahimili. Hapo Kaku akaniuliza.

"Ulijua?"

"Nilijua, Kaku. Mi nilikuwa natafuta namna ya kusema muzuri."

"Muzee anakunywa, weye unatafuta namna? Ungepiga ile kikombe ivunjike. Bikombe tuko nabyo ingine."

Tata Mbuyi alitoka jioni akijishikilia ukutani. Alinitazama, akasema, "Mi nilimupa Kaku yako chungu ya maua, mama. Maua haina tumbo." Akacheka. Mimi sikuweza.

Sasa pome zako. Zioshe, uzikate bila kuzimenya, uziweke kwenye sufuria ya enameli isiyobanduka. Maji yazifunike. Kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu nne, tangawizi ya kuponda. Moto mdogo mpaka zilainike, kisha chuja, sukari mwishoni. Shaba iache kabatini na maua yake.

Na siku utakapoona hatari mkononi mwa mtu, usingoje maneno yawe mazuri. Sema vibaya, sema kwa kigugumizi, lakini sema. Ukimkosea mzee heshima, utamwomba msamaha kesho, kwa kuwa kesho atakuwepo.

Mungu akupe ulimi unaotangulia woga wako, mwanangu, na kila utakayempa kikombe arudi kukuomba kingine.