Kelele Waliyoniomba Niitoe

Katika maisha yangu nimekimbia mara moja tu, kutoka Kivu ya Kusini, nikaona imetosha. Tangu nilipoonyeshwa kiwanja changu katika kambi ya Nakivale, Uganda, sijatamani tena kwenda popote. Mke wangu huwaambia wageni kwamba mimi ni mkimbizi asiyekimbia, na kwamba kuku wetu wanalijua soko la Rwekubo kuliko mimi. Anatia chumvi, lakini si nyingi. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanitoa kwenye kiti changu, nacho ni gitaa la kwaya. Jumapili nilifika kanisani kabla ya mchungaji, naburuta nyaya sakafuni kama mtu anayetega panya.

Nilikuwa napiga solo. Chini ya mguu wangu wa kulia ilikaa pedale, kisanduku cha chuma cha rangi ya machungwa, kimechubuka pembe zote, nilichoachiwa na ndugu mmoja wa kwaya alipopata ndege ya kwenda Amerika. Yeye alipata Amerika, mimi nikapata pedale. Ukiikanyaga, gitaa linaacha kulialia na kuanza kuimba. Ukiikanyaga tena, sauti inapita pembeni bila kuguswa, unabaki na gitaa lako kavu. Basi ubeti ulikuwa mkavu, na kiitikio kikifika nakanyaga, utamu unamwagika. Tatizo ni kwamba kabla ya utamu, kila nilipokanyaga, spika zilipasuka: pa.

Na kanisa letu ni la mabati. Mama wazee wa mstari wa mbele walikuwa wanashtuka na kushika vilemba vyao, kila kiitikio, kila Jumapili. Hatukuwa watu waliokulia mahali ambapo pa ni pa tu. Vijana wakanipa jina la Komanda. Nilicheka nao, lakini nikirudi nyumbani nilikuwa naiangalia ile pedale kama mtu anavyomwangalia shemeji mlevi.

Kwaya yetu, kama kwaya zote za kwetu, ilikuwa na rais, makamu wa rais na washauri, serikali kamili kuliko ile tuliyoikimbia. Prezida, ndivyo tulivyomwita, ndiye alikuwa mwimbishaji. Mazoezi ya katikati ya wiki tulifanya bila umeme, kwa kuwa jenereta ilikula mafuta na mafuta yalikuwa ya Jumapili. Prezida alisimama akitutazama, na kiitikio kikikaribia alipiga kofi moja, tukaingia wote. Jumapili aligeukia waumini, mkono mmoja mikrofoni, mwingine kitambaa cha kupepea, mgongo kwetu. Hakukuwa na kofi. Lakini tuliingia vilevile, sauti zote pamoja. Hakuna aliyewahi kuuliza nani anatuingiza. Tulidhani ni Roho.

Kisha ikaja habari kwamba watu wa studio ya mjini Mbarara watahudhuria mkutano wa kwaya za kambi, na kwaya itakayowapendeza itaenda kurekodi. Prezida akaja kwangu, akakaa kwenye kiti changu.

"Ndugu," akasema, "ile pedale yako iko napasuka kama bunduki. Bale bageni batasema siye tuko jeshi, hapana kwaya."

"Inakohoa kidogo tu, Prezida."

"Basi uipeleke kwa munganga. Ama kelele itoke, ama utoke pamoja nayo. Iko mutu mwingine ku Base Camp, upande ule ingine ya kambi, anapiga solo muzuri, hana pedale, hana kelele."

Mke wangu, naye mwimbaji wa sauti ya pili, alikuwa mlangoni anamenya mihogo. "Usimutume Mbarara, Prezida," akasema. "Atapotea. Ule hata njia ya choo anaulizaka."

Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa adabu. Lakini usingeweza kuniondolea lile gitaa ukaacha mtu mwenye maana yoyote kwenye kile kiti.

Nikaenda Mbarara. Nilielekezwa kwa fundi wa redio, Mnyankole aliyekulia karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, ambako baba yake alikuwa askari. Kiswahili chake kilikuwa cha amri.

"Wewe Mukongo, leta hiyo kitu hapa. Fungua. Wacha ogopa, hiyo si bomu."

Akatazama ndani, akacheka. Alinieleza akinyoosha bisibisi kuelekea nje, upande waliokuwa wanachimba barabara mpya ya kuzunguka mji. Sauti ya gitaa nayo ina barabara mbili, alisema: moja inaingia katikati ya pedale, nyingine inazunguka pembeni. Swichi ndiyo askari wa barabarani. Ukiipitisha sauti pembeni, umeme kidogo unaovuja ndani hauna pa kwenda, unajikusanya nyuma ya swichi kama maji nyuma ya mlango. Ukikanyaga, mlango unafunguka, maji yote yanatoka kwa pamoja: pa. Dawa ni rezista, kile kijiti chembamba chenye mistari ya rangi, moja mahali sauti inapoingia na moja inapotoka, ziunganishwe na waya wa ardhi ili umeme udondoke polepole bila mtu kusikia.

"Sasa mimi iko na simu ya watu mingi ya kutengeneza," akasema. "Nunua, enda fanya mwenyewe. Ulisoma?"

"Nilimaliza sekondari, ssebo," nikajibu, nikimwita bwana kwa lugha ya kwao.

"Eh. Basi utachoma vidole kama mutu alisoma."

Nilivichoma. Sikuwa na chuma cha kulehemu, kwa hiyo nilipasha waya mnene wa shaba kwenye mbabula, jiko letu, juu ya makaa yaliyokuwa ya maharagwe. Sekondari nilisomea ualimu. Kuhusu umeme nilijua kwamba unaua. Mazoezini sikwenda, nilituma neno kwamba mgongo unauma. Mke wangu alirudi kutoka mazoezi, akakuta maharagwe mabichi na mume mweusi usoni.

Nikaunganisha gitaa, pedale na redio yetu ya betri. Nikakanyaga. Sauti ikabadilika, tamu, bila pa. Nikakanyaga tena. Kimya kile kilikuwa kizuri kuliko wimbo.

"Imekufa?" akauliza.

"Imepona."

Mkutano ulifika kabla ya Jumapili nyingine. Wageni wa Mbarara walikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Sisi tulivaa mashati ya kitenge kimoja. Prezida akawageukia watu, akaimba ubeti wa kwanza vizuri kuliko siku zote. Ubeti ukaisha, nikakanyaga, gitaa likafunguka laini kama siagi. Prezida akainua kitambaa na kuanza kiitikio.

Akaanza peke yake. Nyuma yake kwaya nzima ilisimama midomo imefungwa, wananitazama mguu. Halafu mama mmoja akaingia, tena wanaume wawili mahali pengine, halafu waliobaki, kila mtu na njia yake. Kiitikio cha pili kikawa hivyohivyo. Cha tatu, Prezida alijaribu kupiga kofi huku ameshika mikrofoni, spika zikapiga mluzi mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Watu wakacheka. Wageni wa Mbarara walikuwa wapole. Waliangalia viatu vyao. Ikachaguliwa kwaya ya Warundi.

Komiti ilikaa siku ileile.

"Uliharibu," akasema Prezida.

"Mulisema nitoe kelele."

"Tulisema utoe kelele. Hatukusema utoe kiitikio."

Hakuna aliyeweza kueleza nilikitoaje. Mke wangu ndiye aliyenieleza nyumbani, akivua viatu.

"Tulikuwa tunangojea pa," akasema. "Ukikanyaga, pa, siye tunavuta pumuzi, tunaingia. Hatukujuaka. Nimejua leo, wakati haikukuja."

"Hata weye?"

"Hata miye. Na miye njo nililala nyumba moja na ule munganga wa pedale."

Asubuhi nilikwenda kwa Prezida. Nilimwambia nikikata vile vijiti viwili pa itarudi, ni kazi ya muda mfupi. Aliniangalia kwa huruma, jambo ambalo sijamsamehe. Akasema komiti imekwisha kuamua, na yule wa Base Camp amekubali, na ana mwili kama wangu, kwa hiyo nilete shati la kwaya. Mke wangu alilifua na kulipiga pasi kabla ya kulirudisha. Alisema si vizuri kumpa mtu shati lenye harufu ya makaa.

Mwaka uliofuata walichaguliwa. Walikwenda Mbarara, mke wangu pamoja nao, mimi nikabaki na kuku. Nyimbo zikarudi kwenye kadi ya simu, zikapigwa kila duka. Nilizisikiliza nyumbani, kwenye kiti changu. Solo ya yule mtu haina kosa, na haina chumvi pia, lakini hilo ni mimi ninayesema. Ubeti ukaisha. Na kabla ya kiitikio, wazi kabisa, nikasikia: pa.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Kabao, kakipande ka mbao tu," akasema. "Mupiga ngoma anakagonga. Ni Prezida alikanunua. Anasema njo alama ya kwaya yetu, watu ba studio baliipenda."

Pedale iko juu ya kabati, imefunikwa na kitambaa alichokifuma mke wangu mwenyewe, haisemi kitu. Akimenya mihogo huimba zile nyimbo, na kila akikaribia kiitikio hugonga kisu kwenye karai. Hafanyi kusudi, nimemwuliza. Nami kwenye kiti changu, nikijua kabisa kwamba inakuja, hushtuka kila mara, kama wale mama wa mstari wa mbele.