Neno la Kutokea Darasani

Juzi mwanangu wa kidato cha kwanza alinisogezea simu tukiwa tumekaa jikoni hapa Kasulu. Kuna mchezo humo: unapewa herufi chache, unatafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote. Nikakodoa macho weee, nikaambulia neno moja la watoto wa chekechea. Akacheka, akachukua simu yake. Hakujua kwamba mchezo ule niliufahamu kabla hajazaliwa, na kwamba nilikuwa nikishindwa vilevile.

Sisi tuliucheza shuleni Nyakitonto, kila Ijumaa mchana, na hapakuwa na cha kuchekesha. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa Pwani aliyeletwa na serikali, na baridi ya kwetu ilimvisha sweta hadi adhuhuri. Alikuwa na sheria yake. Aliandika herufi ubaoni, na ili utoke darasani ilikupasa useme neno lenye herufi hizo. Neno likishasemwa limekufa, halirudiwi na mtu. Ukisema lako unachukua jembe lako la shule, unakwenda zako nyumbani.

Sasa wewe fikiria sisi watoto wa Kiha, ambao hata Kiswahili tulikiacha shuleni tukifika nyumbani. Wenye akili walitoka mapema na maneno mepesi, sisi wengine tukabakiziwa magumu. Kutoka nyumba za walimu ilikuja harufu ya dagaa wakiungwa kwa mawese, tumbo linanguruma, na kichwani hamna kitu. Mwalimu hakuwa mkali. Alikaa tu akitukumbusha kwamba penye nia pana njia. Nia tulikuwa nayo, bwana, tena ya kutosha. Nilikuwa nalia kimyakimya, machozi yanadondokea dawatini.

Aliyetoka wa kwanza siku zote alikuwa rafiki yangu, binti wa Kirundi. Mama yake alitoka kambi ya wakimbizi iliyokuwa jirani akaja kulima kibarua shambani kwa bibi yangu, na bibi akawapa chumba cha uani. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule mama jembe alilidai mwenyewe siku aliyofika. Kambini masomo yalikuwa yamesimama, basi mwalimu akamruhusu binti akae nasi darasa la saba, ingawa jina lake halikuitwa asubuhi pamoja na yetu. Kiingereza chake kilitoka kwenye magunia na makopo ya msaada aliyokuwa akiyasoma kambini. Mwalimu akiandika A, L na T, sisi tunagombania table. Yeye anasema vegetable, maana ndivyo kopo la mafuta lilivyoandikwa, na huyo anatoka.

Jioni, tukipukuchua mahindi, alinifundisha. Bibi, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, ndiye aliyekuwa hakimu wetu: neno likimkwaruza sikio analipitisha. Tulicheka hadi punje zikamwagika, naye bibi akatuamuru tuziokote zote, kwa kuwa kuku hawakulima.

Rafiki yangu alitaka kitu kimoja tu, kufanya mtihani wa darasa la saba. Ndipo ikaja habari kwamba kambi inafungwa na watu wanarudi Burundi. Mwalimu alikwenda mjini kumwombea abaki walau hadi mtihani upite. Akarudi jioni, sweta begani, akasema wamemsikiliza vizuri, ila pale hakumpata mwenye uwezo huo. Bibi naye akajaribu kwa njia yake. Alimwambia yule mama amwache mtoto, aitwe mjukuu wake; Kiha na Kirundi ni ndugu, nani angemjua?

Yule mama aliendelea kusonga ugali. Halafu akasema, "Mama, wawili nimewazika kwenye ardhi hii. Na huyu aliye hai nimwache?"

Bibi akasukumiza kuni motoni. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la maharage, nikaendelea kulishika.

Ijumaa ya mwisho mwalimu aliandika herufi mbili tu, A na T, ambazo hata mtoto wa darasa la tatu angezipatia neno. Nadhani hakutaka mtu akwame siku ile. Nilisema water, nikajikuta nje kabla ya wengi, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kunitokea. Wakatoka wote, hata wale wazito kuliko mimi. Akabaki rafiki yangu, mikono juu ya dawati.

Nilisimama dirishani. Mwalimu alimwambia taratibu, "Sema lolote, binti yangu. Hata la Kifaransa nitalipokea."

Akatikisa kichwa. Maneno alikuwa nayo kutuzidi sote, lakini akilisema moja ni lazima atoke. Mwalimu alielewa, maana alivua miwani, akaketi, na safari hii hakutaja nia wala njia. Tukakaa hivyo watatu, hakuna mwenye la kufanya, mpaka mama yake akafika mlangoni na mzigo wa safari kichwani, akamwita kwa Kirundi. Akainuka, akatoka bila kusema neno.

Kambi haipo tena. Bibi ametangulia, na mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata. Rafiki yangu sijui aliko, wala kama alipata kufanya mtihani wowote. Nimewauliza wafanyabiashara wanaovuka mpaka hadi wakaanza kunikwepa, na inaniuma kwamba sina pengine pa kuuliza.

Jumatatu iliyofuata Ijumaa ile, mwanafunzi wa zamu alizikuta herufi bado zipo ubaoni, akauliza kama azifute. Mwalimu akamwambia aziache. Tukafanya hesabu asubuhi nzima tukiandika pembeni yake.